Shahada ya Kutazama Milango

Jumatano, 3 Desemba 1997
Mvua tangu alfajiri. Kibiti nzima imekuwa tope na dukani hakuja mtu ila wa chumvi na mafuta ya taa.

Naandika kwa sababu ya jambo lililosemwa jioni wakati wa kula. Nilipokuwa karani wa stoo ya shirika la umma nilijizoesha kuandika jambo siku hiyo hiyo, kabla watu hawajapatana cha kusema. Shirika limekufa, sisi tumerudishwa makwetu, lakini mazoea hayajafa.

Shufaa, binti yangu, amemaliza kidato cha sita na matokeo yake ni mazuri. Mwezi wa pili fomu za chuo kikuu zinatakiwa zifike Dar es Salaam. Kwangu hilo lilikuwa limekwisha: atasoma uhasibu. Serikali imeachia biashara, mabenki ya watu binafsi yanafunguliwa, na kila anayefungua kitu anahitaji mtu wa kumwekea hesabu. Leo, mkono ukiwa bado kwenye sahani, akasema anataka kusoma historia ya sanaa.

Nikamwuliza sanaa ipi, ngoma? Akasema hapana, ni vitu vilivyotengenezwa na watu. Nakshi, majengo, vyungu, makaburi. Nani alivitengeneza, kwa nini akavitengeneza hivyo na si vingine. Nikauliza mtu aliyesoma hayo anakaa ofisi gani. Akataja makumbusho, akataja kufundisha.

Nikamwuliza nani amemwambia habari hiyo. Kabla ya kujibu alimtazama mama yake. Nimeliona hilo.

Alhamisi, 4 Desemba
Mvua. Sijauliza tena. Wakidhani nimesahau watajisema wenyewe.

Jumamosi, 6 Desemba
Nimempata. Ni mwanamke, anaitwa Thuwaiba, amefikia gesti ya nyuma ya soko. Anasema ni mwalimu wa chuo. Anazunguka na kamera na futi ya kupimia, anapiga picha milango ya nyumba za zamani. Shufaa amekuwa akimfuata tangu wiki iliyopita kumwonyesha njia, na Hadija, mke wangu, alijua.

Wakati huu watu wa huku hawana hamu na mgeni mwenye futi. Kila anayetoka delta, mto unapoingia baharini, anakuja na habari za mradi wa kufuga kamba, kwamba watu watahamishwa mashamba yao ya mpunga na mikoko yao. Kweli au uongo sijui, lakini anayepima hakosi kuwa na anayempimia.

Alasiri alikuja dukani mwenyewe kununua betri za tochi. Mrefu, umri kama wa miaka thelathini na kitu, baibui lake limelowa mpaka magotini. Alinipa shikamoo ya heshima. Kisha akaniuliza kama mimi ni mtu wa Kiongoroni, kule delta. Nikamwuliza yeye ameambiwa na nani. Akasema, Shufaa amemweleza kuna nyumba ya babu kule yenye mlango wa nakshi, na angependa kuuona.

Nyumba ile aliijenga babu yangu siku za biashara ya boriti na mchele. Sasa anaishi mdogo wangu, Dadi. Nikamjibu kwamba mwenye funguo ni Dadi, si mimi. Aliposhukuru alikuwa anatabasamu. Mtu asiyetaka kitu hatabasamu akinyimwa.

Jumapili, 7 Desemba
Hadija anasema alinificha kwa sababu alijua nitafanya hivi. Nikamwuliza nimefanya nini. Akaenda kuanika nguo barazani. Kwenye mvua hii.

Jumatano, 10 Desemba
Shufaa ameomba ruhusa ya kwenda Kiongoroni na yule mwalimu. Nikakataa. Hadija akasema mtoto hajamwona baba yake mdogo tangu awe kidato cha pili, na mimi mwenyewe nimeacha kwenda. Nikafikiri sana. Nimeona bora aende. Mwanamke yule nikimzuia hapa atapita pengine, lakini akiwa mbele ya Dadi nitajua anachotafuta. Dadi ni mtu wangu. Katika ukoo wetu wote ni yeye pekee ambaye sijawahi kumshika na jambo.

Nimempa ujumbe Salumu, nahodha wa boti ya Nyamisati anayepita Kiongoroni, amwambie Dadi amwangalie mgeni vizuri, kila anachogusa.

Jumapili, 14 Desemba
Wameondoka na pikapu ya Nyamisati. Mvua.

Alhamisi, 18 Desemba
Wamerudi jana magharibi wametota. Yule mwalimu alikwenda gesti yake, na Shufaa hakulala mpaka amesimulia. Mlango, mlango, mlango. Miimo yake, zile nguzo za pembeni, ina mnyororo uliochongwa kutoka chini mpaka juu, mfaa, ule mti wa katikati, una maua yanayotofautiana. Nikamwambia mlango ninaujua, nimezaliwa nyuma yake. Nilichotaka ni maswali ya yule mwanamke. Ameuliza mipaka ya shamba? Ameuliza hati?

“Ameuliza nani aliuchonga,” akasema Shufaa. “Na mbao zilitoka wapi.”

“Basi?”

“Basi, Baba. Na baba mdogo hakujua kumjibu.”

Kisha akasema kitu kilichonifurahisha. Dadi hakuwapokea vizuri. Alisimama mlangoni kama mtu anayezuia ng'ombe, akasema picha hazipigwi, na ilibidi mwalimu amwombe kutwa nzima. Shufaa aliona ni ukali. Nikamwambia hivyo ndivyo mtu anavyolinda mali ya ukoo.

Alisema pia kwamba paa la ukumbi limeanguka na mvua inaingia mpaka chumba cha marehemu bibi. Nikasema lingeanguka Dadi angeniambia. Hadija, aliyekuwa anakosha vyombo, akasema bila kugeuka kwamba Dadi aliniambia, alimtuma Salumu, tena zaidi ya mara moja. Mimi sikumbuki. Salumu ni mtu wa maneno mengi, huwezi kuyashika yote.

Jumapili, 21 Desemba
Yule mwalimu amevuka mto kwenda Nyamwage kutazama makaburi ya zamani yenye nakshi. Kwa hiyo sasa ni makaburi. Shufaa alitaka kumfuata, nikasema hapana, na safari hii mama yake hakunipinga.

Jumatano, 24 Desemba
Mto umejaa kupita kiasi. Pantoni ya Ndundu imesimama. Mabasi ya Lindi yamerundikana stendi na abiria wanalala kwenye mabaraza. Redio inasema mvua hizi zina jina, zinaitwa El Nino.

Jumamosi, 27 Desemba
Tumegombana.

Binamu yangu aliyeko benki Dar es Salaam alinipa maneno mazuri juu ya uhasibu, nikampa Shufaa kama nilivyopewa: kazi ipo, nafasi ipo, mtoto wa kike anaheshimika. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema hesabu anaziweza, alizipasi, lakini hazimnyimi usingizi. Nikamwambia hakuna aliyelishwa na kitu kinachomnyima usingizi. Shahada ya kutazama milango, nikasema, ukitoka nayo utamwendea nani akupe mshahara? Mwenye mlango?

Hapo ndipo aliposema. Hakupaza sauti. “Baba, wewe ulikuwa mtu wa hesabu. Hazikukosea hata siku moja. Wamekurudisha nyumbani.”

Nilitoka nikakaa dukani peke yangu bila kufungua dirisha. Maneno yale si ya mtoto wangu. Yuko mtu anayemlisha, na mtu mwenyewe yuko ng'ambo ya mto, pantoni imesimama. Nashukuru imesimama.

Jumatatu, 29 Desemba
Mvua. Mpunga wa bondeni umekwenda na maji. Watu wa Ikwiriri wanapanda mitumbwi kwenye mashamba yao.

Alhamisi, 1 Januari 1998
Mwaka mpya umetukuta tumefunga. Shufaa ananiandalia futari, ananipa maji ya kunawa, ananiitikia vizuri. Hapungukiwi adabu. Lakini zamani akimaliza alikuwa anakaa nasi tukazungumza.

Jumatatu, 5 Januari
Mlango umeibwa.

Nimeandika hivyo na bado siamini. Salumu amefika mchana kutoka Nyamisati, akanikuta nagawa unga kwenye vifuko. Akaniambia alipita Kiongoroni juzi, nyumba yetu haina mlango. Si mbao mbili tu za kufunga na kufungua. Miimo, kizingiti cha juu, mfaa, vyote, umebaki uwazi ukutani umezibwa kwa kuti. Majirani wamemwambia lilikuja boti kubwa la watu wa Dar es Salaam kabla ya mwezi kuandama, wakaubandua kwa utaratibu mchana kweupe, wakaufunga magunia, wakaondoka nao.

Na Dadi? Dadi hakuwepo, Salumu akasema. Alikuwa mikokoni anakata boriti. Ndivyo Dadi mwenyewe anavyosema.

Nilikaa chini kwenye gunia la mchele. Mimi sijaulilia mlango ule siku zote hizi, lakini leo nilijiona kama mtu aliyevuliwa kanzu sokoni. Kisha akili yangu ikatulia, ikaanza kupanga. Mwanamke anakuja hajulikani. Anaomba kupelekwa. Anapima urefu, anapima upana, anapiga picha. Haupiti mwezi, watu wanakuja na magunia ya kutosha kipimo kile kile. Wakati huo yeye yuko ng'ambo ya mto, hakuna wa kumshuku.

Nimemwita Shufaa nikamwambia. Aliweka mkono mdomoni. Machozi yalimtoka kweli, sikuyatilia shaka. Nilipofika kwenye jina la mwalimu wake machozi yakakatika.

“Haiwezekani, Baba. Yeye amekwama Nyamwage.”

“Ndivyo wanavyofanya. Mmoja anapiga picha, wengine wanabeba.”

“Mtu akitaka kuiba mlango anauliza bei ya mlango. Yeye ameuliza jina la fundi.”

Nilimwona jinsi alivyonasa, nikazidi kumchukia yule mwanamke.

Jumatano, 7 Januari
Nimekwenda kwa Muhidini, mtendaji wetu wa kata. Tulisoma naye darasa moja. Amesema jambo hili ni la polisi, na kwanza tumpate Dadi aandikishe maelezo. Nikamwambia Dadi yuko delta na bahari imechafuka, ila mwizi atapita hapa Kibiti, hana njia nyingine ya kurudi Dar es Salaam. Akasema akipita nimlete tu ofisini, azungumze naye kwa wema. Kwa wema.

Ijumaa, 9 Januari
Pantoni bado. Nimekwenda stendi hata hivyo.

Jumamosi, 10 Januari
Stendi. Hadija anaangalia duka.

Jumatatu, 12 Januari
Wanasema pantoni imeanza kuvusha magari machache. Nimekaa kwa muuza kahawa, yaani mahali pake, kahawa yenyewe hakuna mchana. Nimetazama kila aliyeshuka. Mtu mmoja aliniuliza namsubiri nani nikasema mgeni.

Jumatano, 14 Januari
Nieleze kila kitu kama kilivyokuwa.

Alishuka kwenye lori la nazi kabla ya adhuhuri. Amekonda, miguu ina tope lililokaukia, begi moja begani na jingine dogo la kamera amelikumbatia kifuani. Aliponiona alifurahi. Akanipa shikamoo, akaanza kuniuliza hali ya Shufaa. Nikamshika begi dogo nikamwambia twende kwa mtendaji. Watu wakakusanyika palepale. Mwezi wa Ramadhani, mvua, mabasi hayaendi, watu walikuwa wanatafuta cha kutazama.

Ofisini Muhidini alimpa kiti. Nikasema shitaka langu mbele ya wote waliojaa mlangoni. Mwanamke akasikiliza, na niliposema mlango wa Kiongoroni umebanduliwa aliinuka.

“Wote? Na kizingiti?” akauliza.

Nikasema asijifanye. Nikamtaka aonyeshe picha alizopiga, watu wazione, tujue alimpigia nani. Akasema picha hazijasafishwa, bado ziko kwenye filamu, zitasafishwa Dar es Salaam. Nikasema zikifika Dar es Salaam ndio basi tena, tutazame hapa hapa. Muhidini akasema, “Mzee Zubeiri, ngoja kwanza, tumpate anayevijua vitu hivi.” Sikungoja. Nilifungua begi. Mlikuwa na vikopo vidogo vyeusi vingi. Nilifungua cha kwanza nikavuta ule mkanda, nikaunyoosha dirishani kwenye mwanga, kama nilivyowahi kuona kwa wapiga picha wa mjini wakitazama picha za pasipoti.

Alipiga kelele. Moja tu. Kisha akasema kwa sauti ya chini kabisa, “Mzee, usizifungue. Zikiona mwanga zinakufa.”

Nilidhani ni hila. Nikafungua cha pili, na cha tatu. Mikanda yote ilikuwa ya rangi moja, haina kitu. Nikawaambia watu, mnaona, hakuna picha hata moja, alikuwa anapima tu. Baadhi yao wakaitikia. Nilipofikia vya mwisho Shufaa aliingia anahema, baibui limemkaa vibaya, akaninyang'anya kile nilichoshika mkononi. Mtoto wangu, mbele ya watu, alininyang'anya kitu mkononi.

Yule mwanamke hakulia. Aliinama akaokota mikanda sakafuni, akaiviringisha mmoja mmoja ingawa sasa najua ilikuwa haina faida tena. Akaniambia, “Mlango sijauchukua mimi. Lakini sasa hata ule niliokuwa nao kwenye filamu haupo.”

Muhidini alimwachia saa hiyo hiyo, akamwomba radhi kwa jina la ofisi. Yule mwanamke amepata nafasi kwenye lori la mkaa, ameondoka.

Mpiga picha wa hapa stendi alikuwepo kwenye kundi. Nilipokuwa natoka nilimwuliza kama ni kweli kuhusu mwanga. Akasema kweli, Mzee, kila mtu anajua.

Ijumaa, 16 Januari
Shufaa hasemi nami. Futari ipo, maji yapo, yeye hayupo.

Jumapili, 18 Januari
Hadija ameniuliza swali moja: maelezo ya Dadi nimeyapata? Nikasema bado. Akasema basi nimemhukumu mgeni kabla ya kumsikia ndugu. Nikamwambia Dadi hawezi. Akasema, “Sikusema anaweza. Nimesema hujamsikia.”

Kesho nakwenda Kiongoroni. Nitarudi na maneno ya Dadi, na hapo wote wataona nani alikuwa na haki.

Ijumaa, 23 Januari
Nimerudi. Sijui nianzie wapi, nitaanzia kwenye maji.

Kutoka Nyamisati tulipita mikokoni, boti ya Salumu inavuja, maji ya mto mekundu yameingia mpaka kwenye maji ya chumvi. Salumu alizungumza njia nzima na mimi nilimwacha. Tulipokunja kona ya mwisho nikaona kitu kinang'aa juu ya minazi. Nikamwuliza ni msikiti mpya? Akanitazama kidogo. Akasema, “Ni kwenu, Mzee.”

Bati. Nyumba yote, ukumbi, vyumba, mpaka jiko la nje. Bati jipya halijashika hata kutu ya msumari. Chini yake kuta zile zile zilizobanduka chokaa, na katikati uwazi umezibwa kuti.

Sikuhitaji kuuliza, lakini niliuliza. Dadi alikuwa ameketi kwenye kinu kilicholala, anashona wavu. Hakuinuka. Tulisalimiana, au tuseme tulisema maneno ya salamu. Nikamwambia habari za wizi zimenifikia. Akaendelea kushona mpaka akamaliza fundo.

“Kaka,” akasema, “hakuna wizi. Nimeuza mimi.”

Akaeleza bila kunificha. Mnunuzi alimjia tangu mwezi wa kumi, mtu wa duka la vitu vya kale mjini, anawauzia wenye mahoteli. Walipatana. Alikuwa anangoja boti. Kabla boti haijaja wakatokea Shufaa na yule mwalimu, akadhani nimesikia nikawatuma wampeleleze. Ndiyo maana aliwazuia. Halafu Salumu alipomletea ujumbe wangu wa kumwangalia mgeni akaelewa kwamba sijui kitu, akakaa kimya. Boti ilipofika aliwashikia mbao yeye mwenyewe wakati wanaubandua mlango; habari ya mikokoni aliitunga.

Nikamwambia ameuza babu yetu. Nilisema mengine pia ambayo sitaki kuyaandika. Aliendelea kushona mpaka nikachoka.

“Mama amekufa chumba kile maji yanamdondokea,” akasema. “Nilikutumia habari. Paa likaanguka, nikakutumia habari. Mlango mzuri, kaka, ni kweli. Ulikuwa umefungia mvua ndani.”

Nililala humo siku mbili kwa sababu ya bahari. Mvua ilinyesha juu ya bati kwa kishindo na chini kulikuwa kukavu. Watoto wa Dadi wamelala kwenye mkeka palepale ukumbini, mahali ambapo Shufaa aliniambia mvua inaingia. Hatukugombana tena, wala hatukuagana vizuri.

Jumamosi, 24 Januari
Nimekwenda kwa Muhidini. Nilimwomba awaite wale wale niliowaona mlangoni siku ile, waliopatikana. Nikawaambia mlango haukuibwa, uliuzwa na ndugu yangu, na mwalimu hana kosa. Mmoja akacheka kidogo. Muhidini akasema wamesikia. Lilikuwa jambo fupi sana kuliko lile la kwanza.

Nyumbani nilimwambia Hadija kila kitu. Shufaa alikuwa nyuma ya pazia, nilijua, nikasema kwa sauti ya kumfikia.

Ijumaa, 30 Januari
Idi. Shufaa amenibusu mkono, akaniombea heri. Mvua imepungua. Pilau ilikuwa nzuri.

Jumatano, 4 Februari
Shufaa ameniambia anataka kwenda Dar es Salaam kupeleka fomu kwa mkono, posta haiaminiki na barabara hii. Nikasema tutakwenda wote. Akauliza kwa nini. Nikasema nina mtu wa kumwomba radhi. Alinitazama vile ninavyowatazama wateja wanaosema watalipa kesho.

Jumanne, 10 Februari. Dar es Salaam, kwa binamu
Chuo kiko mlimani, majengo makubwa, minyaa na miti mingi. Wanafunzi wanapita hawasalimii. Mwalimu Thuwaiba tulimkuta kwenye chumba kidogo kilichojaa vyungu na mafaili. Alisimama. Alimkumbatia Shufaa. Kwangu alisubiri.

Nilikuwa nimeyapanga maneno kuanzia Kibiti. Niliyasema yote, nikamweleza habari za Dadi na bati. Aliposikia habari ya mama yangu aliinamisha macho. Nilipomaliza hakusema nimekusamehe. Alisema kazi iliyopotea ilikuwa ya msimu mzima, na makaburi ya Nyamwage mengine mto umekwisha kuyala, hayatapigwa picha tena na mtu yeyote. Nikasema naelewa. Akasema bado, lakini kaa.

Akampa Shufaa karatasi kubwa na penseli. Akanigeukia. “Mzee, umekua nyuma ya mlango ule. Tueleze. Anza popote.”

Nilidhani ni kazi nyepesi. Nikaanza chini. Nikasema miimo ina samaki wawili pembeni, wamelala kichwa chini, magamba yao yana makali ukiyapitishia kidole. Mnyororo unaanzia kwenye mikia yao. Upande wa kulia pete moja ya mnyororo imekosewa, imefungana. Shufaa alikuwa anachora upesi, na kila nilichosema alikichora kama nilivyokuwa nakiona. Mwalimu akasema ile pete hakuiona, akaandika.

“Na juu?” akauliza. “Katikati ya kizingiti?”

Nikafungua mdomo. Nikatafuta. Nikaona mwanga unaoingia, nikamwona babu amesimama kwenye uwazi na fimbo yake, nikamwona mama anafagia. Juu yao hapakuwa na kitu. Nilipita chini ya kizingiti kile nikiwa mtoto, nikiwa bwana harusi, nilipita chini yake na jeneza la baba begani, na siwezi kusema pana ua, pana maandishi, au pana mbao tupu. Nilichokijua ni kile kilicholingana na macho yangu nilipokuwa mtoto mdogo. Kuanzia hapo sikuwahi kutazama.

Hawakuniharakisha. Mwisho nikawaambia sijui.

“Na wewe, Shufaa?” mwalimu akauliza. Shufaa akasema alikuwa ameshika tochi kumwangazia mwalimu kwenye mfaa, na walipanga kizingiti wakirudi watakiangalia vizuri. Mwalimu mwenyewe alikuwa amekitegemea kwenye filamu.

Watu watatu, tumeupita mlango mmoja, hakuna mwenye sehemu yake ya juu.

“Baba mdogo anajua,” Shufaa akasema. “Yeye ndiye aliyewashikia walipokuwa wanaubandua.”

Mwalimu akanitazama. Nikasema Dadi hatazungumza na mgeni, na kwa sasa hata na mimi sidhani. Lakini nitakwenda mimi kwanza, kabla ya masika, nikae naye. Si kwa ajili ya kizingiti peke yake. Wao waje nyuma yangu.

Jumatano, 11 Februari
Fomu imepelekwa leo asubuhi. Usiku wa jana Shufaa aliiweka mezani kwa binamu, mahali pa kuchagua pakiwa bado patupu, akaniuliza ninasemaje. Binamu akaanza tena habari za benki. Nikamwomba atuache kidogo.

Nilimwambia ukweli: sijui shahada hii itamlisha nani, na bado nahisi wako watu wanaoipamba kuliko ilivyo. Lakini aandike anachotaka, mimi sitasimama mlangoni.

Ameandika historia ya sanaa mahali pa kwanza. Uhasibu ameuandika wa pili, kwa ajili yangu. Nimemwambia haikuwa lazima. Sijamwambia aufute.